Roho Isiyo na wa Kuiombea

Kwenye parokia yetu, mtu akiuliza nani anafua vitambaa vya altare, hata mtoto wa mafundisho atamwonyesha mlango wa nyuma wa sakristia na kumwambia, "Mama Vitambaa." Hakuzaa wala hakuolewa. Umama huo alipewa na watoto, naye akaupokea kama mtu anayepewa nguo ya mitumba akakuta imemkaa vizuri.

Kazi hiyo ameifanya miaka thelathini na mmoja. Kila Jumatatu baada ya misa ya asubuhi huchukua kikapu chenye kifuniko, akakusanya vitambaa vidogo vya kufutia kalisi, kikombe cha divai ya misa, pamoja na kile cha mraba kinachotandikwa chini ya kalisi na hostia, mkate wa misa. Maji ya kwanza hayatiwi sabuni wala hayamwagwi kwenye mfereji. Huyabeba kwa beseni mpaka nyuma ya sakristia, penye mawaridi yaliyozungushiwa matofali ili mtu asikanyage, akayamimina taratibu kwenye udongo, kwa kuwa huenda kuna chembe ya Mwili wa Bwana ndani yake. Ndipo hufuata sabuni, halafu wanga, halafu pasi. Kile cha mraba hukunjwa mara tatu huku na mara tatu kule, kikabaki na vyumba tisa, na mikunjo yote huelekea ndani ili hata chembe isidondoke.

Kabla ya kukunja hukisogeza dirishani na kukikagua kwa kioo kidogo cha jicho, kile ambacho mafundi saa hukibana kwenye kope. Wageni huchekea hapo. Mama mzima, kitambaa kichwani, jicho moja limevalishwa kopo jeusi.

Kioo kile kilikuwa cha mdogo wake.

Walizaliwa wawili tu kwa mama yao. Baba alifariki mapema. Yeye alikuwa wa kwanza, na mdogo wake alikuja miaka tisa baadaye, siku ya kumbukumbu ya shahidi mmoja wa zamani sana, na padre wa wakati ule akambatiza kwa jina la shahidi huyo. Hata katekista hakumjua. Shuleni watoto walilipindapinda lile jina mpaka mwenye nalo akawa anarudi nyumbani analia, na dada yake alikuwa akimfuta kamasi na kumwambia kwamba amepata bahati. Watakatifu wakubwa wana foleni mpaka nje ya mlango, alimwambia, lakini somo wako hana anayemsumbua. Ukimwita, anafika saa ileile.

Yule mtoto akakua, akawa fundi saa. Aliweka meza yake chumba cha mbele, chini ya dirisha, na saa za watu zilining'inia ukutani kila moja ikisema lake, mpaka mama yao akasema kwamba ndani ya nyumba hii saa ni nyingi ila muda wa kupumzika haupo. Walikuwa watu wa kutaniana. Dada alimwita Profesa, naye alimwita dada Mama Askofu.

Kisha mama yao akaugua. Siku ya nne ya kulala kitandani, Fundi Saa aliaga kwamba anakwenda mji wa jirani kununua vipuri, atarudi jioni. Jioni ikapita. Kesho yake ikapita. Kila mlango ulipolia mama aliuliza, "Amefika?" Akafa akiuliza hivyo. Mtoto wake alirudi siku mbili baada ya mazishi, ananuka pombe, kifurushi cha vipuri kipo kwapani. Dada yake alimkuta mlangoni. Hakupaza sauti. Alimwambia, "Kuanzia leo mimi sina ndugu, na wewe huna dada."

Alidhani atajibiwa, walivyozoea kujibizana. Fundi aliviweka vipuri mezani, akachukua mkoba na koti, akatoka. Imetimia miaka ishirini na miwili.

Mwanzoni dada alimngoja kwa hasira, baadaye akamngoja kwa hofu. Saa za watu alizirudisha moja moja kwa wenyewe, zilizopona na ambazo hazikupona. Lile neno la mlangoni alilipeleka kitubioni, na padre akamwambia kwamba Mungu ameshamsamehe, aende kwa amani. Alishukuru, lakini hakuinuka. Akauliza, "Mungu ndiyo, Baba. Na yeye je?" Padre akampa baraka mara ya pili.

Ukitazama maisha yake kwa nje, yalikuwa yamejaa watu. Jumuiya ilimpenda, wanakwaya walimletea kanzu za kushonea vifungo. Lakini akifika nyumbani anafungua mlango mwenyewe, anajikaribisha mwenyewe, anakula sahani moja. Mezani chini ya dirisha vipuri vilikuwa bado kwenye kifurushi chao.

Shida yake kubwa ilikuwa Novemba. Sisi Wakatoliki mwezi huo ni wa marehemu. Kanisa linatufundisha kwamba wapo waliokufa katika urafiki na Mungu lakini bado wanatakaswa kule toharani kabla ya kumwona uso kwa uso, na kwamba wao hawawezi kujisaidia, sisi tulio hapa ndio tunaowasaidia kwa sala na kwa misa. Basi kuanzia katikati ya Oktoba sanduku huwekwa chini ya altare, na kila mmoja anaandika majina ya watu wake kwenye karatasi na kuyatumbukiza. Yeye alimwandika baba, akamwandika mama, akawaandika mabibi na mababu. Akifika hapo kalamu inasimama.

Mdogo wake amwandike wapi? Kama yu hai, kumwandika humo ni kumzika akiwa anapumua, na kumtoa nje mara ya pili kwa mkono uleule. Kama amekufa na dada akanyamaza, basi mtu yule yuko kule anangoja, hakuna duniani anayetaja jina lake, na aliyepaswa kulitaja ndiye aliyemkana.

Alichofanya, alikifanya kwa miaka yote hiyo bila kumwambia mtu. Asubuhi alisimama mbele ya picha ya Mtakatifu Antoni, anayesaidia kutafuta vilivyopotea, akaomba mdogo wake apatikane. Hilo lilikuwa la kumwombea akiwa hai. Na Novemba alichukua karatasi nyingine ndogo, akaandika: Roho isiyo na wa kuiombea. Akikunja karatasi ile alikuwa akisema moyoni, kama ni yeye, ni yeye; kama si yeye, mwenye kuihitaji aichukue.

Mtakatifu Antoni alizoeana naye sana. Alimtafutia funguo, miwani, sindano, na siku moja hata meno ya bandia ya jirani yaliyokutwa kwenye mfuko wa aproni. Kila akipata kitu alishukuru, kisha alimnung'unikia kidogo picha ikiwa imetulia ukutani, kwamba vidogo vyote hivi unaviona, mtu mzima mwenye koti humwoni?

Mwaka huu parokia ilipata karani mpya, binti mwepesi wa mikono na kompyuta yake. Paroko alitaka majina ya marehemu yapigwe chapa na kupangwa kwa herufi, kila jina mara moja, kwa sababu Novemba iliyotangulia katekista alisoma babu mmoja mara saba. Wajukuu saba walimwandika kila mmoja kivyake, na mara ya tano watu wakaanza kukohoa kuficha kicheko. Basi karani akawa anayafungua makaratasi, na palipomtatiza anamwita mwenyewe. Mwandiko wa Mama Vitambaa aliujua kutoka kwenye orodha ya vitambaa.

"Shikamoo mama. Hapa hakuna jina."

"Marahaba. Ndiyo, mwanangu. Halipo."

"Sasa nitaiweka kwenye herufi gani?"

Mama Vitambaa alisema aiweke popote pale penye nafasi. Karani alicheka, si kwa dharau, kisha akamtazama vizuri, akaacha kucheka. Akamwuliza taratibu, "Kila roho ina jina, mama. Huyu wako anaitwa nani?"

Miaka ishirini na miwili hakuna mtu aliyemwuliza hivyo. Alisema atarudi, akatoka.

Siku mbili zilipita. Siku ya tatu alimsubiri paroko mlangoni mwa kanisa na kumweleza yote, akiwa ameshika beseni tupu. Paroko wetu si mtu wa maneno mengi. Alimwambia kwamba kuandika si kuua, na kwamba Mungu hadanganywi na karatasi. Kama yule mtu yu hai, sala itamkuta alipo. Kama si hai, itamkuta vilevile.

Akarudi ofisini. Akaandika jina la ubatizo, jina la baba na jina la babu, herufi kubwa kubwa ili binti asitatizike. Karani akaanza kuliandika. Akasimama, akatazama kioo cha kompyuta, akaitazama karatasi.

"Mama, huyu yumo."

"Yumo wapi?"

"Kwenye orodha. Tangu Jumapili. Labda umemwandika ukasahau."

Alimwambia haiwezekani. Jina lile hapa petu alikuwa nalo mtu mmoja tu, na hata huyo walimcheka. Karani akaligeuza lile rundo la makaratasi, akatoa ukurasa mzima wa daftari uliojaa mwandiko uliolala upande mmoja, majina arobaini na moja yamefuatana kama watoto mstarini. La kumi na saba lilikuwa la mdogo wake, la ubatizo na la baba. Karani alisema ukurasa ule uliletwa na yule nesi mstaafu aliyehamia kwa mpwa wake mwaka huu, nyumba ya nyuma ya shule.

Hivyo ndivyo alivyopata msiba wake. Alikuwa amesimama mbele ya meza ya ofisi, mkoba begani, printa ikilia. Karani alimsogezea kiti. Akasema asante, hajachoka.

Alikwenda kupiga pasi, kwa kuwa ilikuwa siku ya pasi. Kitambaa kimoja kiliungua pembeni, cha kwanza tangu aanze kazi.

Kesho yake baada ya chakula cha mchana alikwenda nyumba ya nyuma ya shule. Nesi alikuwa mama mrefu, ameinua miguu juu ya kigoda kwa sababu ya uvimbe, anamenya viazi. Walijuana kwa sura tu, kwa kupeana amani kanisani. Mama Vitambaa alikaa, akakunja mikono, akalitaja jina.

Nesi aliweka kisu chini. Akaita mpwa wake amletee daftari lake lenye jalada gumu.

Alieleza bila haraka. Alifanya kazi miaka kumi na mitatu wodi ya wanaume, hospitali moja ya mbali, na huko wapo waliokuwa wakiletwa na gari la wasamaria wakafa bila mgeni hata mmoja wa saa ya kutazama wagonjwa. Hilo lilimkaa vibaya. Akaanza kuwaandika, tarehe, jina, na mbele ya jina, ndugu. Kila Novemba, parokia yoyote aliyokuwapo, aliwanakili wote na kuwapeleka altareni. Mtu akifia mikononi mwako hana ndugu, alisema, basi wewe ndiye ndugu, utafanyaje.

Ilikuwa miaka kumi na mmoja iliyopita. Mapafu. Alikaa wodini wiki tano.

"Una hakika ni yeye?" aliuliza Mama Vitambaa. Alijua ni yeye.

Nesi akamsimulia saa ya ukutani ya wodi. Ilikuwa imekufa miaka, mishale imekwama, na yule mgonjwa ilimkera kuliko kikohozi. Aliwasumbua mpaka wakaipandia na kumteremshia kitandani. Akaifungua kwa kibanio cha nywele cha nesi, akapanga vidude vyote juu ya shuka, na kila mtu akipita anaambiwa asipige chafya. Siku ya tatu ikatembea. Wagonjwa wakapiga makofi, isipokuwa mmoja aliyesema sasa atajua ni saa ngapi anacheleweshewa dawa.

Mama Vitambaa alicheka, na hapo ndipo machozi yalipopata njia. Nesi alimwacha. Alipotulia akauliza lile ambalo kwetu sisi ni kubwa kuliko yote, kama alipata padre. Alipata. Alipakwa mafuta ya wagonjwa, sala ya kutubu aliisema mwenyewe yote bila kusaidiwa, na komunyo alipokea kipande kidogo kwa sababu ya koo. Alizikwa kwenye makaburi ya hospitali, penye kigingi cha namba.

Basi miaka kumi na mmoja alikuwa akimtafuta kwa Antoni mtu aliyekwisha kuzikwa, na miaka kumi na mmoja kabla ya hapo alikuwa akimwombea toharani mtu anayetembea. Na ile roho isiyo na mtu, kumbe ilikuwa ya mwingine. Wake alikuwa naye, mama mwenye miguu iliyovimba, aliyekuwa akilinakili jina lake kila mwaka kwa mwandiko wa kulala. Lilimfariji hilo, na lilimuuma. Kazi yake ilifanywa na mgeni.

Lilibaki swali moja. Alilizungukazunguka, akasifu viazi, akauliza habari za miguu. Mwishowe akasema, "Alinitaja?"

Nesi alimtazama. "Nikufariji au nikwambie?"

"Niambie."

"Nilimwuliza mara tatu nimwandikie nani barua. Mara mbili alisema hana ndugu. Mara ya tatu nikamkazania, nikamwambia kila mtu ana mtu. Akasema, 'Dada yangu alisema sina dada. Na dada yangu hasemi uongo.'"

"Alisema kwa hasira?"

"Hapana. Alikuwa anaitazama ile saa. Alisema kama mtu anayekusifia."

Mama Vitambaa akaomba lile daftari. Akatoa mkobani kioo cha jicho, kwa sababu miwani alikuwa ameisahau, akakibana kwenye kope na kuinama juu ya ukurasa. Namba kumi na saba. Tarehe. Jina. Na mbele yake, Ndugu: hakuna.

"Nipe kalamu," alisema. "Siku ile nilisema uongo."

Nesi akampa. Akalikata neno hakuna kwa mstari mmoja ulionyooka, kwa mkono wa mtu aliyezoea kushona, na juu yake akaandika, Dada.

Akarudi nyumbani kwa miguu. Akapitia ofisini kumwambia karani kwamba lile jina libaki mara moja, linatosha. Karani akauliza ile karatasi ya kwanza isiyo na jina aitupe? "Iache," alisema. "Yupo mwenye nayo."

Siku ya Marehemu Wote katekista alisoma herufi kwa herufi. Lilipotajwa jina la yule shahidi wa zamani, wazee wachache waliomkumbuka Fundi Saa waligeuka kutazama benchi la tatu. Mama Vitambaa aliitika kama wengine, "Apumzike kwa amani," na benchi la nyuma kabisa, sauti ya mtu aliyeketi kwa ajili ya miguu iliitika pia. Mwisho wa orodha, baada ya herufi zote, katekista akasita kidogo, akasoma, "Na roho isiyo na wa kuiombea." Alikohoa mmoja. Mama Vitambaa aliitika hata hiyo, kwa sauti kubwa kuliko ya kwanza.

Mchana jumuiya tulikwenda kumpa pole. Hatukujua tuanzie wapi. Msiba wa miaka kumi na mmoja unaingiaje mlangoni? Mmoja wetu alimshika mkono akasema, "Pole kwa... kwa siku nyingi," kisha akaona haya. Yeye akasema hiyo ndiyo pole sahihi. Tulisali rozari, tukaona kwamba kile kifurushi cha vipuri kimefunguliwa na vidude vimepangwa juu ya kitambaa cheupe kilichoungua pembeni. Jua lilipoanza kushuka tukaondoka, kila mmoja kwake.

Asubuhi iliyofuata aliamka, akanawa, akasimama mbele ya Mtakatifu Antoni, na mdomo ukaanza wenyewe maneno yale yale ya kila siku. Ulifika katikati akaunyamazisha.

"Huyo umeshamleta," alimwambia. "Asante. Umechelewa, lakini umemleta."

Kisha akabaki amesimama pale, mkono kifuani, kwa kuwa dakika zile za asubuhi zilikuwa za kumtafuta mtu, na kengele ya misa ilikuwa bado haijalia.